Simu za Mkalimani

Mwaka jana mpwa wangu aliposwa na mkalimani wa Kifaransa, mwajiriwa wa kampuni moja ya ujenzi. Barua yake ya posa ililetwa kwa dada yangu, mtaa wa Chumbageni. Ilisema amekulia Moroni, kwa Wangazija, na hajapata kuoa.

Dada alikwisha kukubali moyoni. Kwetu Kifaransa kina heshima yake. Saluni hupewa jina la Paris, na manukato yakiandikwa Kifaransa bei hupanda bila mtu kuuliza. Mimi niliingiwa na shaka. Wangazija nimewazoea. Huchomeka neno la Kifaransa hapa na pale, kisha huendelea na Kiswahili chao. Huyu, kila alipokuja, alizungumza Kiswahili kitupu mpaka simu ilie. Hapo hakubakiza hata neno moja la kwetu, na macho yake yalikuwa kwenye pazia la chumba cha ndani, tulikokaa wanawake.

Alipokuja mara ya nne, nilimleta jirani yangu, mwanamke fundi cherehani kutoka Burundi, ajuaye Kifaransa. Nikamketisha nasi nyuma ya pazia. Sebuleni kaka yetu mkubwa alikuwa akimkaribisha mgeni kahawa. Simu ikalia.

"Sikia ulimi huo!" dada akaninong'oneza. "Nawe hata Kidigo cha sokoni kinakushinda, basi wivu tu."

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Anasema na mkewe," alisema taratibu. "Mtoto ana homa tangu juzi. Amemwambia ampeleke hospitali, yeye yuko kazini mbali."

"Labda mtalaka wake," dada akasema.

"Mama, mtalaka haahidiwi kwamba Ijumaa nitalala nyumbani."

"Kuoa wa pili si haramu," dada akaongeza.

"Si haramu," nikamjibu. "Ila ameandika hajaoa."

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya kaimati. Msichana anayeposwa hatokei mbele ya mposaji kabla jibu halijatolewa. Hilo analijua toka utotoni. Aliweka sahani chini, akavuta pazia, akatoka.

"Kaka," alimwambia mkalimani, "mtoto anaumwa. Nenda kwake."

Mkalimani aliinuka nusu. Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa la Kifaransa. Kaka yetu hakungoja la pili. Alikwenda barazani, akamgeuzia viatu vyake, vikaelekea njiani.