Kalenda za Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wetu wa kwaya hapa Kaloleni, jina lake nitaliacha, ndiye aliyeimbisha harusi yangu, akaimbisha mazishi ya mume wangu, na wajukuu wangu wote wamepitia mikononi mwake. Nyimbo aliziandika nyuma ya kalenda za zamani, kwa wino wa buluu, akilamba kidole kabla ya kufunua. Karatasi moja ukutani iliwatosha waimbaji thelathini. Ikichakaa, mkewe aliwashia jiko.

Mimi ndimi niliyesimama kanisani nikasema karatasi zinamaliza miti, tutumiwe nyimbo kwa simu. Nilipigiwa makofi, nami nikayapenda. Basi kila mwimbaji akatafuta simu, na Mwalimu akawa anasoma yake akiishika mbali na uso kama sufuria ya moto, bado akilamba kidole. Simu zilipoanza kufa, waimbaji walimletea yeye, kwa kuwa zilikuwa na nyimbo zake. Huyu si mtu wa kutupa kitu. Jumamosi alinifungulia mkebe wa biskuti: simu zilikuwa kumi na moja, nyingine betri zimevimba.

"Si uzipeleke jaa la Dandora, Mwalimu?"

"Mama Kasiva, mwimbaji wangu wa sauti ya tatu anakaa huko. Wakizichoma watoe shaba, moshi ule anauvuta yeye. Umesikia anavyokohoa siku hizi?"

Nilikuwa nimesikia. Akaufunga mkebe kwa viganja viwili, polepole, akaniwekea mapajani.

"Miti uliitetea vizuri. Sasa nitafutie mahali pa hizi."