Kaburi la Mbele ya Nyumba

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu, ninayoikumbuka zaidi ni ile ambayo majembe hayakunyamaza. Unajua desturi ya kwetu Izimbya. Mtu akifa kijijini, hakuna anayelima mpaka azikwe, hata palizi ya kahawa inasubiri. Asubuhi hiyo alikuwa amefariki mama yake Venansi, na mimi nimesimama mlangoni nasikia watu wanalima pande zote. Nilikuwa msichana mkubwa wa kuposwa.

Venansi alizaliwa hapo hapo kijijini. Baba yake alitoka Burundi kuja kulima mashamba ya watu, kisha akaondoka akawaacha. Mtoto akabaki na jembe na jina la "Mrundi," ingawa Kihaya alikisema vizuri kuliko baadhi ya wajomba zako wanaokaa mjini. Kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, hakuwa nacho. Aliishi na mama yake katika kijumba pembeni mwa shamba la jirani, na kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake. Jirani alishasema kwake haiwezekani. Basi yule bibi atazikwa wapi?

Tata, baba yangu, alikuwa mtu mwema, na sisemi hivyo kwa kuwa ni baba yangu. Alimpenda Venansi. Wakiwa wawili walitafuna kahawa ya kukaribishia wageni kutoka kikapu kimoja. Akija mgeni mwingine, kikapu kilizunguka kikamruka Venansi, na Tata akatazama pembeni.

Siku hiyo alibeba mkungu wa ndizi, akanipa maharage, tukapita nyuma ya migomba ili tusionekane. Mama alikuwa amemwambia, "Utatuponza, baba Adela. Chama cha kuzikana kikitutenga, wewe utazikwa na nani?" Si maneno ya kuchezea hayo. Nilitembea nikigeuka nyuma kila majani yalipotikisika.

Tulipofika, Tata akamwambia Venansi kwamba amempatia mahali pa kuzika, kwetu, chini kabisa ya kibanja, karibu na shimo tulilokuwa tukitupa maganda. Huko hakuna ambaye angeona, na maneno yasingekuwa mengi. Nilimwona Tata shujaa, nikasubiri Venansi ashukuru.

Hakushukuru. Alimtazama, akasema kwa heshima na kwa sauti ya chini, "Waitu, baba Adela, mama yako ulimzika wapi?"

"Mbele ya nyumba."

"Na wangu ndiye wa kufichwa?"

Tata alikaa chini kwenye nyasi za msibani. Mwishowe akauliza lile ambalo angepaswa kuuliza kabla ya kuja, kwamba yeye Venansi anataka mama yake alale wapi. Venansi akajibu anataka mbele ya nyumba yetu, watu wakipita wamwone, na mwili upelekwe kwa njia kubwa.

Tukarudi kwa njia kubwa kuchukua majembe, kisha Tata akachagua kuipita tena njia hiyo hiyo na jembe begani, awaite watu waje kwetu kuchimba. Jirani mmoja akasimama katikati ya mibuni yake akauliza kuna nini.

"Tuna msiba," Tata akasema. "Nakwenda kuchimba kaburi."

Hakusema Venansi ana msiba. Alisema tuna. Wachache waliweka majembe chini wakatufuata. Wengine wakaendelea kulima, na tulikuwa tukiwasikia hata wakati wa kushusha jeneza kando ya kaburi la bibi yangu. Mimi nilitupa udongo nikiwaza siku yetu atakuja nani.

Sitakudanganya kwamba mambo yalikaa sawa. Kwa muda mrefu kikapu cha kahawa kilimruka Tata pia, na kanisani tulisalimiwa kwa shingo upande. Siku moja alirudi kutoka kilabuni akaniambia, "Adela, aibu hii ya kurukwa nilikuwa siijui. Nilidhani naijua."

Ndiyo sababu simu yako ya jana imeninyima usingizi. Unaniambia watu wa huko Kimwani hawataki mwalimu mwenzako Konsolata auziwe kibanja, eti arudi kwao, na Jumamosi kijiji kinakaa kulijadili. Huyo ni mjukuu wa Venansi. Kwao ni wapi kama si kwenye kaburi lile? Halafu unaniambia, na sauti yako imeridhika, kwamba umemtumia ujumbe kwenye simu kuwa mko pamoja. Mwanangu, ujumbe huo ni ndizi za kupitisha nyuma ya migomba.

Nenda kwanza kamuulize yeye anataka nini. Huenda hataki umsemee, ana mdomo wake na anaujua. Basi kaa kando yake pale mbele, watu wakuone. Akitaka useme, sema mbele ya wale unaowaogopa, maana mimi wa kwenye simu sihitaji kushawishiwa. Wakifanya mzaha usicheke, hata cheko la kuwaridhisha. Na akikukosoa, usinune ukarudi nyumbani. Tata hakununa.

Najua umeanza kujenga huko, na mkeo ni mjamzito. Najua majirani wanaweza kukugeuka. Naogopa, na bado nakutuma.

Mungu aitie nguvu miguu yako, maana moyo wako ninaujua. Akupe nyumba isiyo na njia ya kujificha nyuma yake, na mtoto atakayepakatwa na Konsolata kama jirani mwingine yeyote. Jumapili nipigie. Sitakuuliza ulisema nini mkutanoni, nitakuuliza ulikaa wapi.