Karatasi ya Jojo Kwenye Betri ya Boti

Upepo nitaufikia. Naanza na spana, maana ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, kwa hiyo Ikola nzima wavuvi wanapumzika na mabetri yanakaa bure. Mimi nilikuwa likizo, kidato cha tatu, nimetoka shule Mpanda na sabufa isiyo na umeme. Nikachukua spana namba kumi, nikafungua betri ya boti ya baba mdogo, nikaifunga kwenye keria ya baiskeli kwa ile kamba ya kuvutia injini kwa mkono, nikaenda kwa rafiki yangu. Tulipiga mziki mpaka kuku wa jirani wakahama uwanja. Kamba nikaisahau huko.

Wakati wa kurudisha betri, nati moja ikadondokea mchangani isionekane tena. Tamino ya hasi, kile kichwa cha waya kinachobana betri, ikawa inacheza. Nilikuwa natafuna jojo. Nikakunja karatasi yake inayong'aa, nikaichomeka katikati, ikabana. Nikajiona injinia.

Siku ya tatu mama akataka kwenda Karema, kwenye kipaimara cha binti wa dada yake. Baba alikuwa safarini, kwa hiyo baba mdogo akasema atampeleka. Mimi nikabebeshwa gunia la mchele. Injini ikawaka mara moja, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo na kuahidi mambo ambayo hata yeye hakuyaamini.

Katikati ya safari propela ikanasa kipande cha wavu. Baba mdogo akazima injini, akakata wavu kwa kisu, akamwambia mama aliyekaa karibu na swichi azungushe ufunguo.

Tik.

Akazungusha tena. Tik. Basi.

Sasa upepo. Ulitoka upande wa Kongo, na sisi upande wetu palikuwa na miamba, ile ambayo hata ndege wanatua kwa adabu. Boti ikaanza kusukumwa huko. Mama ni mtu wa Mpimbwe, kalelewa kwenye majaruba ya mpunga. Maji anayoyaamini ni yanayoishia magotini. Kuogelea hajui. Boya lilikuwa moja na limepasuka. Aliweka viatu vyake vya kanisani kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akaukumbatia. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Baba mdogo aliulizia kamba ya kuvutia injini. Nikamwambia sijaiona. Kweli, kwa siku tatu sikuwa nimeiona.

Akanipa kafi nipige maji, yeye akachukua taa ya dagaa iliyobaki kwenye boti, akagusisha nyaya zake mbili kwenye vichwa vya betri. Taa ikawaka nyeupe. Akamwambia mama azungushe ufunguo. Tik, na taa haikufifia hata kidogo.

"Betri nzima," akasema. "Shemeji, stata imekufa."

Akaanza kuifungua stata, ile mota ya kuwashia injini. Bolti ya kwanza akaibana kwa meno, maana mawimbi yalikuwa yanatupiga ubavuni na ikidondoka ndiyo imeenda. Nilikuwa napiga kafi huku nahesabu. Mwanzoni kati yetu na miamba ungeweza kupanga boti kumi. Sasa sita. Nilijua stata haina kosa. Nikasema moyoni, labda ataigundua mwenyewe. Zikawa tano. Nikaanza kusikia maji yanavyonguruma kwenye mawe. Mama akafumba macho, midomo inamcheza kwa sala.

"Baba mdogo," nikasema, "usigusishe taa kwenye betri. Gusisha kwenye tamino."

Akaniangalia, bolti bado mdomoni. Kisha akahamisha nyaya, moja kwenye kila tamino. Taa ikawaka. Mama akazungusha ufunguo, taa ikazimika kabisa. Umeme ulikuwa kwenye betri, ila haukuvuka wa kutosha kufika kwenye waya.

Akaishika tamino ya hasi, ikachomoka mkononi mwake kama kofia. Ndani, karatasi ya jojo imeungua, nyeusi, bado inanukia ndizi kwa mbali.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi. Nati ilipotea. Na kamba iko kwa rafiki yangu. Nilipeleka betri kupigia mziki."

Hakunipiga, hakuwa na mkono wa ziada. Alikwangua betri na tamino kwa kisu mpaka vikang'aa, akang'oa msumari kwenye kiti cha boti, akaugongea katikati kwa kichwa cha spana, akazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Mimi kafi langu lilikuwa limeshagonga jiwe chini ya maji. Nililisikia mpaka begani.

"Zungusha, shemeji."

Stata ikalia, injini ikakohoa, ikashika. Tukarudi nyuma, mwamba ukabaki mbele yetu, ungeweza kuutemea mate.

Tulipofika Karema mama akashuka, akafungua fundo la mfuko, akavaa viatu vyake taratibu, cha kulia, cha kushoto. Akanipa gunia. Ndipo akasema:

"Baba yako anarudi Ijumaa. Mimi sitamwambia. Utamsimulia wewe mwenyewe, na uanzie kwenye spana, usianzie kwenye upepo."