Chatu wa Nyuma ya Jiko

Nilipoolewa na kuhamia Kitangari, nilikuta mume wangu ana chatu wawili, jike na dume, katika banda la mianzi nyuma ya jiko. Mama yangu alipokuja kunitembelea alikataa kulala. "Mwanangu," aliniuliza, "umeolewa au umepotea?"

Mume wangu alikuwa mkulima wa korosho. Chatu hao aliwapata wangali wadogo alipokuwa akifyeka shamba, akawafuga kwa kuwapenda tu. Akirudi shambani jioni alikaa kwenye kigoda karibu na banda, akiwatazama. Jike akitaga, alijizungusha juu ya mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe. Watoto mume wangu aliwapeleka bondeni kwenye kapu, akawaachia.

Habari zikamfikia mfanyabiashara mmoja wa Lindi, aliyepeleka wanyama ng'ambo kwa meli. Alikuja, akatazama, akasema, "Bwana, ungeifanya hii ndiyo kazi yako, korosho ukawaachia wengine."

Mume wangu alilifikiria jambo hilo msimu mzima, kisha akakubali. Akajenga mabanda mengine, akatafuta chatu wengine. Mikorosho ikamezwa na magugu. Kwetu huku juu maji huteremkiwa bondeni, na chatu anayejivua gamba hutaka kulowa, kwa hiyo nilipanda mlima na debe kichwani kwa ajili yao kama kwa ajili ya wanangu. Sikulalamika. Nyumba yetu ilipata bati, nami nililipenda bati lile.

Ila kigoda hakikukaliwa tena. Jioni mume wangu alikuwa akifagia mabanda, akilisha, akitibu vidonda vya midomo. Siku nyingine tulisikia mabomu ya vita upande wa pili wa mto Ruvuma, wageni waliokuja kutazama chatu wakashtuka, yeye akaendelea kufagia.

Mfanyabiashara alitaka watoto kila mwaka. Yule jike wa kwanza, aliyezoea kupumzika, sasa alipandishwa tena kabla mwili haujarudi. Asubuhi moja mume wangu aliniita.

"Mama watoto, hebu mshike huyu."

Nilimshika. Uti wa mgongo ulikuwa umechongoka chini ya ngozi.

"Amekuwa hivi tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu masika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unamwona. Si wewe unayemlisha?"

Alimrudisha bandani taratibu, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Mfanyabiashara alipokuja na masanduku yake, mume wangu alimwambia, "Chukua wadogo wote, na wakubwa hao wengine. Hawa wawili wa mwanzo nabaki nao. Jike apumzike, na mimi nipumzike."

"Utakula nini?"

"Kabla hujaja nilikuwa nakula."

Jike alinenepa polepole. Nasi tulikuwa tumeanza kupalilia mikorosho ilipokuja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, nyumba zikae kwa mistari kando ya barabara. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mpole, alikuja mwenyewe. "Baba, kule tutabanana, na watoto ni wengi. Chatu haitawezekana."

"Najua," mume wangu alimjibu. "Usihangaike."

Siku moja kabla ya kuhama tuliteremka bondeni na magunia mawili, yeye jike, mimi dume. Tuliyafungua kwenye matete karibu na maji. Dume aliondoka mara moja. Jike alibaki akitoa ulimi, akiionja hewa, kisha naye akaingia majanini, mkia wake ukichelewa kutoweka.

"Twende?" niliuliza.

"Kaa kidogo."

Tulikaa mpaka kivuli cha mlima kikatufikia. Nikajaza debe, tukapanda.

Kijijini alipanda mikorosho mingine. Watu walikuja mara kwa mara kuulizia chatu, naye akawaambia amekwisha acha. Tulipozeeka nilimuuliza kama anaikumbuka ile biashara.

"Biashara, hapana," alisema.

Nikamwongezea chai.