Shemeji Rasmi

Pale kwenye kona, baina ya duka la viatu na kinyozi, kuna fundi mmoja wa kudarizi ambaye watu wamempa jina la Fundi Nembo. Shati la mlinzi, kofia ya dereva, aproni ya muuguzi, ukiona kuna nembo ya uzi iliyotulia kifuani, basi imepita mikononi mwake. Ni mtu mpole, hana neno na mtu. Aliyekuwa na neno naye alikuwa mmoja tu, shemeji yake.

Shemeji huyu, mdogo wa mkewe, wanamwita Waya, kwa kuwa hatembei bila waya fulani shingoni. Ndiye aliyeitoa ile kompyuta ya Fundi mikononi mwa virusi na kuitia mfumo wa Linux, na ndiye aliyeweka programu ya kuchora nembo na kuipeleka kwenye mashine ya sindano. Mungu amlipe. Lakini programu hiyo haikuwamo katika ghala rasmi la ule mfumo, ghala ambalo vitu vyake hujisasisha vyenyewe. Waya aliijenga kwa mkono, akaitia mahali anapopajua yeye. Basi kila mfumo ulipojisasisha, na ruhusa ya kujisasisha aliitoa Waya mwenyewe, ati usalama, programu ile ilionekana kama mgeni asiye na mwenyeji. Ikagoma kufunguka. Sindano ikasimama hewani, wateja wakasimama mlangoni, naye Fundi hana budi kumwita shemeji.

Na Waya akija, amekuja. Hukalia kiti cha Fundi, kile chenye mto, maana ndicho kinachoelekea kompyuta. Viatu vyake hupumzika juu ya vitambaa vya watu. Hafanyi kazi na njaa, na akishiba hafanyi kazi na usingizi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ukimpa jembe atakuuliza toleo lake. Na Fundi afanyeje? Mkewe akimwona mdogo wake anachanua kama ua, na sahani ya nyama inaanza safari yake upande ule wa meza.

Ndipo siku moja, sindano imesimama na Waya yuko njiani, kinyozi akamwambia Fundi kwamba hata wale wanaolitunza ghala ni watu, wana ukurasa wa maombi, mtu akiwaomba vizuri huingiza programu ghalani. Fundi akapiga hesabu. Programu ikiingia ghalani itajisasisha yenyewe. Ikijisasisha yenyewe, shemeji atakuja kwa harusi na misiba tu, kama mashemeji wengine.

Akaandika. Kinyozi, aliyewahi kufanya kazi ya hoteli, akamgeuzia kwa Kiingereza, lugha yao. Wengine katika ukurasa ule huandika mistari miwili mikavu. Fundi yeye alianza kwa salamu, akawauliza hali zao, watoto wao, wazee waliobaki nyumbani, ndipo akaiposea ile programu kama mtu anayemposea mwanawe: haina maneno mengi, haikati uzi hovyo, imetoka kwa watu wema.

Jibu lilitoka kwa mama mmoja mtunzaji. Alishukuru kwa salamu, akasema mama mkwe wake bado anasumbuliwa na magoti, na tangu aanze kazi ile hakuna aliyepata kumuulizia. Programu ameiona, ni nzuri. Ila wao hawapokei yatima. Kila kinachoingia ghalani lazima kiwe na mlezi anayejulikana kwa jina, wa kukijenga upya na kukijaribu kila kinapobadilika. Je, yuko?

Hapo Fundi alijiona mjanja. Akufukuzaye hakwambii toka. Akapeleka jina la Waya awe mlezi. Aliona akishapata kazi ya watu wa mbali, atashughulika na hao wa mbali. Akamsifu mpaka kinyozi akaweka mkasi chini: mtu huyu hachoki, haondoki kazi ikiwa nusu, na chakula kwake si hoja.

"Hilo la chakula niandike kweli?" kinyozi aliuliza.

"Andika. Hawatampikia wao."

Wakakubali. Mke wa Fundi alilia kwa furaha, akawaambia majirani kwamba mumewe amemtafutia mdogo wake cheo. Kumbe anampenda hivyo, na alikuwa anaficha. Jioni ile Waya akaja, safari hii na begi. Akaliingiza moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma, akakalia kiti chenye mto.

"Shemeji, sijui nikushukuruje," alisema.

"Mbona begi?" Fundi aliuliza taratibu. "Si sasa itajisasisha yenyewe?"

"Itajisasisha kwa sababu mimi nitaijaribu kwanza. Na siwezi kuijaribu bila mashine ya sindano, na mashine ninayoijua ni yako. Zamani nilikuwa nakuja ikiharibika. Sasa kazi yangu ni kukaa hapa isiharibike."

Fundi akamgeukia mkewe. Mkewe alikuwa anapakua.

"Si wewe uliyemuombea?" mke akasema. "Tena umeandika hachoki."

Kwa haki ni lazima niseme hili: tangu hapo sindano haijasimama. Mfumo unajisasisha, programu inafunguka, na wateja hawasimami tena mlangoni. Kazi ya kwanza ya Fundi chini ya utaratibu huo mpya aliifanya ameketi juu ya kopo la rangi lililogeuzwa. Ilikuwa shati la Waya, na juu ya mfuko maneno mawili kwa uzi wa dhahabu: Mtunzaji Rasmi. Lilitoka zuri kupita nembo zote alizowahi kushona, wala uzi haukukatika hata mara moja.