Jezi Nyekundu na Mechi ya Tano

Delmar Kratz, fundi matrekta wa Iowa, amewatukana makocha wa timu za vyuo kila Jumamosi miaka thelathini kwa kosa moja tu: hawana subira. Kwenye gemu lake la video la mpira wa Kimarekani, kocha ni yeye.

Msimu huu alipata mrushaji wa mwaka wa kwanza mwenye mkono kama mzinga, akamvisha jezi nyekundu, kama wanavyosema. Yaani kijana akae benchi, anyanyue vyuma, na mwaka huo usihesabiwe katika minne yake ya kucheza. Anaruhusiwa mechi nne. Akiingia ya tano, mwaka umeliwa.

Nne zilikwisha. Katika ya tano, Delmar akiongoza kwa pointi arobaini na tisa, shemeji yake Rusty akamchokoza kutoka kwenye kochi. "Unamficha wa nini? Au kurusha kwenyewe hajui?"

"Hajui? Hebu tazama."

Kijana akaingia, akarusha mpira mmoja, wapinzani wakaudaka. Alama ya jezi nyekundu ikafutika kwenye skrini.

Mkewe Arlene hakuacha kumenya viazi. "Jumamosi ukitaka kumtukana kocha," alisema, "kioo kiko bafuni."