Sindano Haijui Kama Umefunga

Mimi nina mdomo, sikatai. Ila siku ile pale Dumila mdomo haukutosha, nikatumia na meno.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mimi na mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, tulikuwa tunauza vitunguu na nyanya kando ya barabara, pale mabasi yanaposimama. Mdogo wangu ana kisukari tangu utotoni, kile cha kujidunga insulini. Kliniki walinieleza nikaelewa. Mwenye afya yake, kongosho linapima lenyewe: ukila linamwaga insulini, sukari inatoka kwenye damu inaingia mwilini, ukikaa na njaa linabana. Lake liliacha kuitengeneza, kwa hiyo anajidunga. Na sindano haijui kama umekula au umefunga. Ikishaingia, inashusha sukari tu.

Sheikh wa mtaani kwetu alishamwambia, mgonjwa wa namna yako usifunge, dini haijakubana. Nani asikie! Siku ya kwanza wauzaji wenzake walimwona anakunywa maji nyuma ya meza, wakamcheka, "Kobe huyo! Kobe!" Ndivyo anavyoitwa anayekula kwa kujificha wenzake wakiwa wamefunga. Kijana wa makamo yake, mbele ya wasichana, unafikiri alijibu nini? Alicheka nao. Kesho yake akala daku, akajidunga kama kawaida yake, akafunga bila kuniambia.

Alasiri nikamwona anatoka jasho mpaka shati limemganda mgongoni. Mteja kamuuliza bei, yeye kamtukana. Huyu ambaye hata kuku anamfukuza kwa adabu! Nikajua. Sukari ikishuka mno, mwili unamwaga adrenalini kujiokoa: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakuwa mkali. Ubongo nao ukikosa sukari, hautambui ndugu wala adui. Nikamshika bega, nikamwambia akae chini nimletee soda. Akanitandika ngumi ya mdomo. Jino likakatika, nikalitema mkononi.

Nikakimbilia soda duka la jirani. Niliporudi alikuwa ameshapindua meza ya nyanya, na kwa kupepesuka kwake akadaka mkoba wa mama mmoja aliyekuwa anashuka kwenye basi. Yule mama akapiga yowe, "Mwizi!" Mwingine akadakia, "Mlevi huyo! Kalewa mchana wa Ramadhani!" Ikawa basi tena. Wakamwangusha. Mateke ya mbavu, mateke ya kichwa. Dereva wa bodaboda akavua helmeti akamshushia nayo usoni, na damu ikamtoka puani.

"Mgonjwa huyo! Ana sukari!" Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Hakuna aliyegeuka. Nikamlalia juu, mateke yakawa yangu. Mmoja akaja na jiwe, nikamng'ata mkono mpaka akaliachia, na sijutii hata kidogo. Nikainua soda nimnyweshe. Yule wa bodaboda akaipiga teke. "Unamnywesha mlevi mchana huu, huna haya?" Chupa ikapasuka kwenye lami.

Niliogopa jamani. Mtoto wa mama yangu anakufa chini ya viatu vya watu, kisa kuitwa kobe. Nikaokota shingo ya ile chupa, nikasimama mbele yake. "Anayesogea namchana! Wallahi namchana!" Wakarudi nyuma. Mwenye duka, aliyekuwa amenifuata kudai chupa yake, akaona ile damu, akarudi mbio akaleta soda nyingine bila kuulizwa.

Nikamkalisha, nikamshika kidevu. Namshukuru Mungu alikuwa bado anameza. Funda moja, jingine. Akanipiga kikumbo, nikambana. Polepole mikono ikaacha kutetemeka, macho yakaanza kunitambua. Wale watu walikuwa wametuzunguka, sasa eti wanatuonea huruma. Laana!

"Dada," akasema, "unatoka damu." Akanigusa mdomo. "Nani kakupiga?"

Akajikokota ainuke. Jicho moja limefumba kwa uvimbe, kusimama hawezi, na bado amekunja ngumi. "Nionyeshe, dada. Nionyeshe ni nani kati ya hawa. Leo namuua."

Ningeweza kumwonyesha yeyote pale, wote walistahili. Nikamtazama yule wa bodaboda, akainamisha kichwa. Lakini nikimficha ukweli, huyu mtoto kesho atafunga tena.

"Wewe," nikamwambia.

Akaangalia ngumi yake. Kwenye kifundo cha kidole palikuwa pamechanika, alama ya jino langu. Midomo ikaanza kumcheza, akaangua kilio kama siku tuliyomzika mama.

Nikamrudishia chupa mdomoni. "Maliza soda kwanza," nikasema. "Utalia baadaye."